Kabati Nililomnunulia Baba

Skrubu ya kumi na nne ndiyo iliyonisimamisha.

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, ubavu wa kabati nimeuegemeza pajani, kile kichuma kilichopinda cha kukazia skrubu kiko mkononi. Skrubu kumi na tatu zilikuwa zimeingia vizuri. Kabla ya kuanza nilizipanga zote juu ya gazeti, kubwa upande wangu, ndogo upande wa mlango. Ndivyo ninavyofanya kazi. Useremala sikuusomea popote, lakini kwa miaka kumi na tisa nimepiga msasa viti vya kupeleka ng'ambo, na najua kinachofungwa kwa haraka hufunguka kwa haraka.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na kurasa nne. Nikageuza ukurasa wa mwisho nione skrubu ya kumi na nne inakwenda wapi.

Pale palichorwa kabati likiwa limekamilika, milango yake mitatu wazi. Ndani, juu ya mbao zilizolala mshazari, palipangwa viatu. Vya kisigino, vya mpira, na ndara za mtoto.

Nikaitazama ile picha. Kisha nikanyanyua macho nikakitazama chetezo cha marehemu baba, kilichokuwa kimehifadhiwa kwa muda juu ya rafu ya televisheni.

Nilikuwa nataka kumweka baba yangu juu ya viatu.

Kwa ambaye hatukuwa naye wiki zilizopita: naitwa Thoa, nina miaka arobaini na sita, naishi chumba na sebule ghorofa ya tatu hapa Bien Hoa. Nimekwisha kusimulia jinsi kiwanda chetu kilivyofungwa, jinsi mume wangu alivyokwenda kumsaidia rafiki yake kuhama naye akahamia huko huko, na jinsi baba alivyofia mikononi mwangu. Nimesimulia pia mchwa walioila meza ya wazee, ile tunayowekea vyetezo vya marehemu, mpaka siku moja ikakaa chini yenyewe kama mtu aliyechoka.

Hapo ndipo kaka yangu Khiem alipopata neno.

Khiem ndiye mzaliwa wa kwanza, na kwetu mzaliwa wa kwanza wa kiume ndiye anayekaa na wazee. Chetezo cha mama kiko kwake mwaka wa kumi na moja huu. Cha baba nacho kingekwenda huko, ila baba alisema kwa kinywa chake, Khiem akisikia, kwamba anataka kubaki kwangu. Na chetezo kinapobaki ndipo marehemu anapobaki. Kikiondoka, naye ameondoka.

Khiem alikubali shingo upande.

"Siku ya mwaka wake," alisema, "nikute meza iliyosimama kwa miguu yake. Nikikuta baba kawekwa kwenye kirafu kama birika, namchukua siku hiyo hiyo."

Mwaka tangu baba afariki ulikuwa unatimia Jumapili. Siku hiyo niliyopiga magoti na skrubu mkononi ilikuwa Ijumaa asubuhi.

Nilifikaje kwenye kabati lile?

Nhung, mke wa Khiem, alinipigia simu Jumatano.

"Wifi, meza za wazee mjini bei yake unaijua," alisema. "Milioni kumi na mbili, kumi na tano, na dragoni kachongwa macho kakutolea kama anakudai. Nenda Nyumba Elfu, kule barabara kuu. Wanauza mabaki ya viwanda kwa bei ya kutupa. Ingia mpaka mwisho kabisa, kushoto kwa magodoro. Kuna kabati la milango mitatu, rangi ya kahawa. Kwa keshia taja namba yangu ya simu upate punguzo."

"Ni meza ya wazee?"

"Ni kabati. Ukilivisha kitambaa chekundu nani atauliza? Na likifika, ile karatasi ya maelekezo tupa. Itakuchanganya tu."

Alhamisi nikaenda. Nyumba Elfu ni duka ambalo watu huingia na chakula chao. Wanalala kwenye makochi wasiyoyanunua, wanapigana picha mbele ya majiko yasiyo na moto. Nilipita magodoro, nikalikuta kabati. Kibandiko chake kilikuwa na bei, milioni moja na laki tisa, na namba ndefu. Basi.

Nikatoa tepu yangu.

Tepu zetu, chini ya sentimita, zina mistari miwili. Wa juu ni wa vitu vya walio hai, kama mlango, kitanda na jiko. Wa chini ni wa vitu vya waliokufa. Kila mstari una vipande vyekundu vya heri na vyeusi vya balaa. Hakuna anayetengeneza meza ya wazee bila kuuliza mstari wa chini.

Kimo, mia moja ishirini na saba. Nyekundu. Upana, themanini na moja. Nyekundu. Kutoka mbele kwenda nyuma, thelathini na sita. Nyekundu.

Nikapima tena nikianzia upande mwingine. Nyekundu tatu.

Tangu nianze kazi ya mbao sijaona samani ya bei ile yenye nyekundu tatu. Mwili ulinisisimka. Nilidhani baba kalichagua mwenyewe. Hata ile milango ya luva, yenye mianya ya kupitisha hewa, ilinifurahisha, nikasema vijiti vya udi nitakavyohifadhi ndani havitapata ukungu.

Binti wa duka alipita akaniuliza, "Shangazi, nikusaidie?"

"Nimeshapata, mwanangu."

Kosa langu ndilo hilo, na hapa nalikiri. Niliiuliza tepu. Sikumuuliza muuzaji.

Sasa turudi Ijumaa, mimi, skrubu na ile picha.

Nitakiri na jambo jingine. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuchana ukurasa wa nne. Niliukunja mara tatu, nikauficha chini ya pipa la mchele. Nikajiambia, nani atajua? Nikaishika tena skrubu ya kumi na nne.

Mkono ukakataa.

Baba alikuwa mtu asiyevumilia ndara kuvuka kizingiti. Mgeni akisahau akaingia nazo, baba alikuwa hasemi kitu. Alichukua kitambaa, akafuta nyuma yake hatua kwa hatua, mpaka mgeni mwenyewe aone haya. Mtu huyo ndiye nimwashie udi juu ya kabati la viatu, nimpigie magoti, nimwambie, baba, karibu ule?

Nikautoa ukurasa chini ya pipa. Nikachukua risiti. Nikapanda pikipiki.

Kwenye dirisha la kurudisha vitu alikaa binti mmoja, kifuani ameandikwa Quyen.

"Sanduku limefunguliwa, shangazi?"

"Limefunguliwa. Ningejuaje kilichomo?"

"Likifunguliwa halirudi. Imeandikwa hapo ukutani."

"Lina kasoro."

"Kasoro gani?"

Nikaweka ukurasa wa nne mbele yake. Akautazama, akanitazama mimi.

"Picha iko sawa."

"Ni kabati la viatu."

"Ndiyo, shangazi. Ni kabati la viatu."

"Mimi nilimnunulia baba yangu."

"Baba hana viatu?"

"Baba amefariki. Jumapili ni mwaka."

Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu sita. Mzee mmoja aliyekumbatia taa ya mguu mrefu akachekea puani.

"Umesikia?" akamwambia mkewe, sauti ya kutosha watu wote. "Mzee wa watu kajengewa banda la ndara."

"Nyamaza," mkewe akasema. "Na wewe uko njiani."

"Mimi nikifika mniwekee namba arobaini na mbili. Thelathini na tisa zinanibana."

Watu wakacheka. Hata mlinzi wa mlangoni alicheka.

Mimi si mtu wa makelele. Kiwandani waliniita Pamba. Lakini siku ile niligeuka.

"Mzee wangu," nikamwambia taratibu, "nimekusikia. Na baba yangu amekusikia."

Kicheko kikakatika. Yule mzee akaishusha taa chini. Mkewe akamvuta mkono wakatoka kwenye foleni bila kurudisha walichokuja kurudisha.

Quyen akainama kwangu.

"Shangazi, usione aibu. Si wewe wa kwanza. Hili kabati watu wanalinunua sana kwa ajili ya wazee. Waliolitengeneza hawakujua, ilitokea tu vipimo vikaangukia kwenye nyekundu."

"Na nyinyi mnajua?"

"Sisi tunauza kabati."

"Kwa nini hamkuandika kwamba ni la viatu?"

"Tuliandika. Miezi miwili liliondoka moja tu. Meneja akasema neno viatu litolewe." Akatazama pembeni. "Tangu hapo hayakai."

Nilimtazama binti yule. Hakuwa mbaya. Alikuwa na umri wa kuwa mwanangu, na alikuwa amenieleza ukweli ambao hakulipwa kuueleza. Hasira yangu ikamzunguka ikapita, ikawa inatafuta mtu mwingine.

"Ngoja nikuangalizie," akasema. "Wenye kadi tunaweza kuwabadilishia mara moja kwa mwaka. Namba ya simu?"

Nikataja ya Nhung. Akabonyeza, akasoma, akakunja uso.

"Mbona shangazi unanitania? Wewe ulishanunua hili hili. Mwezi wa tisa, miaka mitatu nyuma. Rangi hii hii. Na wakati ule kibandiko kilikuwa bado kina neno."

"Si mimi. Kadi ni ya wifi yangu."

"Oo." Akaufunga mdomo, kisha ukamponyoka. "Basi wifi yako alijua."

Kubadilishiwa hakukuwezekana. Nafasi ya mwaka huu Nhung alikwisha kuitumia kwa seti ya sufuria.

Nikatoka nje, nikasimama kwenye maegesho ya pikipiki kwenye jua la saa sita. Na mimi ninayejisifu kwamba sihukumu mtu mpaka nimsikilize mara mbili, nilihukumu hapo hapo.

Kila kitu kilijipanga chenyewe. Anaambiwa na mumewe kwamba meza isipokuwa ya heshima baba anahamia kwao. Ana kabati la viatu nyumbani, pengine nyuma ya mlango, limejaa ndara. Ananielekeza nikanunue pacha wake. Ananiambia karatasi nitupe. Jumapili ndugu arobaini wamekaa kwenye karamu ya mwaka, anashika pindo la kitambaa chekundu kana kwamba anakinyoosha, anafunua. Jamani, hili mbona kama la viatu?

Nikampigia.

"Wifi, sema haraka, nina samaki mikononi. Nimeiweka simu mezani kwa spika, nakusikia."

"Nhung." Sikumwita wifi. "Kabati ni la viatu."

Kisu kiligonga ubao mara moja, kikanyamaza.

"Nilikwambia tupa karatasi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Unalo kwako. Dukani wamenisomea mwaka na mwezi. Umechukua kitu unachowekea ndara, ukaniambia nimweke baba."

"Thoa, vuta pumzi kwanza."

"Ungefunua mwenyewe, au ulitaka mtu mwingine afunue wewe uonekane unashangaa? Baba alipokuwa hajiwezi kitandani, ulikuja mara ngapi? Mara mbili. Zote umevaa barakoa, na zote hukukaa. Leo unataka chetezo. Chetezo cha mtu uliyemkimbia harufu."

Niliyasema hayo yote kwa sauti yangu ile ile ndogo. Ningepiga kelele pengine yasingemchoma.

Nikasikia bomba la maji likifungwa.

"Umemaliza?" Nhung aliuliza.

"Nimemaliza."

"Nataka chetezo, mimi?" Alicheka, lakini hakikuwa kicheko. "Wewe mwanamke una akili? Chetezo cha mama yako kimoja hiki kinanisimamisha jikoni tangu siku niliyokipokea. Siku ya mwaka wake, mwaka mpya, mwezi wa saba wa wafu, mwezi mwandamo, mwezi mpevu. Watu arobaini wanakula, kaka yako kakaa pale juu anapokea sifa za mchuzi ulioniunguza mimi. Ukiniongezea baba nitafia kwenye chungu, na mimi mtanitafutia kabati. Nimemwomba mama yako asubuhi na jioni baba abaki kwako. Nimemwomba kwa udi wa bei."

"Basi kwa nini unielekeze kwenye la viatu?"

"Kwa sababu lina nyekundu tatu, na hali yako naijua. Ungenunua nini kingine? Dragoni?"

"Na lako liko wapi? Sijawahi kuliona kwako."

"Umeliona. Umelipigia magoti mara tatu."

Sikuelewa. Au nilielewa na masikio yakakataa kupeleka habari.

"Mama yako yuko juu yake, Thoa," alisema, sauti sasa imeshuka. "Tangu tuhamie nyumba hii. Kaka yako alinipa hela ya meza ya wazee, ya maana, ya kuchongwa. Mwezi huo huo shule walikuwa wanamfukuza mtoto kwa ada. Nikalipa ada, kilichobaki nikakipeleka Nyumba Elfu. Siku hiyo duka lilijaa, kabati limezungukwa na watu. Mimi nami nilishika tepu. Kibandiko sikukisoma, nilikuwa nasoma nyekundu. Picha ya viatu nimekuja kuiona chetezo kimeshawekwa, na kikishawekwa unajua hakisogezwi. Nikashusha kitambaa mpaka chini. Mwaka wa kwanza nilingoja tuadhibiwe. Mtoto akafaulu. Mwaka wa pili nikangoja. Kaka yako akapandishwa cheo. Mama hajalalamika hata siku moja. Nikasema labda huko waliko viatu si kitu."

Nilikaa juu ya ukingo wa maegesho. Nilikuwa na mambo mawili kooni, kicheko na ombi la msamaha, na sikujua kipi kitoke kwanza.

"Wifi," nikaanza.

"Rudia hapo pa ada."

Haikuwa sauti yake.

"Khiem," Nhung alisema. "Umeingia saa ngapi?"

"Rudia. Mama yangu amekaa juu ya nini?"

Nilisikia kiti kikivutwa, kisha hatua, kisha mlio wa kitambaa kizito kinachonyanyuliwa.

Khiem alipoishika simu alikuwa karibu sana, nasikia mpaka pumzi zake.

"Thoa, uko hapo?"

"Nipo, kaka."

"Na baba sasa hivi yuko juu ya nini?"

"Rafu ya televisheni. Kabati halijakwisha."

"Lisikwishe. Mmewafanyia wazee wangu mzaha, wanawake wawili." Wazee wangu, alisema. Hakusema wetu. "Nakwenda hekaluni sasa hivi kuzungumza na mtawa mkuu. Kesho saa moja asubuhi nipo mlangoni kwako na gari. Wote wawili nawakabidhi kule. Hakuna atakayebaki nao. Si wewe, si huyu, si mimi."

"Kaka, baba mwenyewe alisema anataka kubaki kwangu."

"Baba hakuambiwa habari za viatu."

Akakata.

Sikumbuki barabara ya kurudi. Nakumbuka nilivyokasirika. Niliwakasirikia wenye Nyumba Elfu waliofuta neno moja ili wauze. Nilimkasirikia Khiem, ambaye hajawahi kuosha chetezo hata kwa kitambaa kikavu, na leo anajua kinakostahili kukaa. Lakini zaidi nilikikasirikia kinywa changu. Ningenyamaza saa moja tu, ningekwenda kwa Nhung na miguu yangu, tukaongea jikoni, Khiem angekuwa bado anakula mchuzi wake. Siri iliyokaa miaka mitatu chini ya kitambaa niliifunua mimi, kutoka kwenye maegesho ya pikipiki.

Nyumbani kabati lilikuwa kama nilivyoliacha. Ubavu mmoja umesimama, mwingine umelala, milango mitatu sakafuni.

Nilikaa nikalitazama. Kisha nikatazama ile mbao ya mshazari, ile inayoshika viatu, nikaichukua mkononi.

Khiem alisema akute meza iliyosimama kwa miguu yake. Hakusema ilizaliwa ikiwa nini. Na viatu hulala mshazari kwenye kabati kama hili. Vitabu vya dua, vikombe vya chai na vijiti vya udi hukaa bapa. Nikiondoa mishazari yote, nikatia rafu za kulala, nikaziba luva kwa mbao kutoka ndani, kinachobaki ni sanduku la mbao lenye nyekundu tatu. Akikuta limesimama, baba yuko juu, udi unawaka, anitazame machoni aseme ananyang'anya.

Nikatoa msumeno. Nikapima mara mbili, nikakata mara moja. Nyuma ya mbao ya mgongo kiwanda kilikuwa kimepiga muhuri mdogo wa kiatu. Niliupiga msasa kwa nguvu ambayo sijawahi kuitia kwenye kazi ya mshahara. Vumbi lilinijaa puani na mdomoni. Kwenye saa kumi muhuri ulikuwa umekwisha na kiganja changu kimechubuka, nikaendelea kupiga mahali ambapo hapakuwa na kitu tena.

Saa kumi na moja jioni rafu zote zilikuwa zimeshapakwa gundi, zimebanwa kwa kamba. Ndipo nikasikia mlango unapigwa teke, kwa ncha ya mguu, polepole.

"Fungua, wifi. Mikono imejaa."

Nikafungua. Nhung alisimama pale na kofia ya pikipiki bado kichwani. Blauzi yake ilikuwa na majivu ya udi kifuani. Alikuwa amekumbatia furushi la kitambaa chekundu kama mtu anayebeba mtoto mwenye homa.

"Umebeba nini?"

"Nimekuja na mama."

Nilishika fremu ya mlango. Chetezo hakisogezwi hivyo. Kinachaguliwa siku, kinasomewa dua, kinaombwa ruhusa. Anayekinyanyua bila hayo amemnyanyua marehemu na hasira zake zote. Hata watoto wadogo wanalijua hilo kwetu.

"Khiem anajua?"

"Yuko hekaluni anapanga foleni ya watawa. Akirudi atajua." Alikuwa anahema. Ghorofa tatu, na pikipiki ameendesha kwa mkono mmoja. "Nilimwomba radhi njia nzima. Nilimwambia, mama, ukitaka kuniangusha niangushe nikishafika."

"Nhung, ulisema umechoka naye."

"Nimechoka naye. Miaka kumi na moja, nani asingechoka? Lakini kumchoka mtu ni jambo lingine na kumtoa ni lingine. Akae kwenye rafu ya watu asiowajua, asomewe jina pamoja na wafu mia tatu, kwa sababu ya mbao?" Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na yale ya barakoa, wifi, tutayazungumza. Si leo. Lakini tutayazungumza."

"Tutayazungumza," nikasema.

Nikampisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya televisheni, akafungua furushi, akamweka mama kando ya baba. Majivu hayakumwagika ila kidogo. Tulisimama mbele yao, wazee wawili ambao hawajakaa pamoja tangu mama afariki.

Kisha Nhung akageuka akatazama sakafu. Mbavu, milango, kamba, maranda.

"Sasa hili linasimama lini?"

"Gundi lazima ikauke kwanza. Nikilisimamisha kabla rafu zinaachia."

"Inakauka saa ngapi?"

Nikahesabu. "Saa tatu asubuhi."

"Na yeye anakuja saa moja."

"Saa moja."

Simu yake ikaanza kulia mfukoni. Iliita ikakatika, ikaita tena. Nhung hakuitoa. Alivua kofia, akaiweka kando, akachutama kwenye vumbi la mbao na blauzi yake ya majivu.

"Haya," akasema. "Nionyeshe kinachoweza kufanyika leo, kinachobaki tutakifanya kesho yeye akiwa amesimama hapo hapo anatutazama."